Godoro la hewa hukaushaje ngozi ya mgonjwa?

MGONJWA asiyeweza kujigeuza kitandani hukabiliwa na maadui wawili: uzito wa mwili wake mwenyewe na unyevu. Uzito hubana mishipa ya damu kwenye makalio, nyonga na visigino. Jasho na mkojo nao hulainisha ngozi hadi ikachubuka upesi. Hapo ndipo vidonda vya kitandani huanza.

Magodoro ya hewa ya kuwakinga wagonjwa hao ni ya aina mbili kuu, na anayenunua hana budi kuzitofautisha. Ya kwanza ina vyumba vinavyojazwa hewa na kupunguzwa kwa zamu, aghalabu kila baada ya dakika 10 hivi, ili sehemu moja ya mwili isielemewe kwa muda mrefu. Hupunguza mgandamizo, lakini haikaushi ngozi.

Aina ya pili, iliyo ghali zaidi, ina matundu madogo mno yanayotoa hewa ya pampu bila kukoma. Hewa hiyo hupita chini ya kitambaa cha juu, ambacho hupenyeza mvuke wa jasho ilhali huzuia majimaji, na kuupeperusha mvuke huo nje. Mkojo na kinyesi haviondoki kwa njia hiyo. Sharti mgonjwa asafishwe na kukaushwa mara moja.

Karatasi ya plastiki au shuka kadhaa zikitandikwa juu ya godoro hilo, mvuke hukosa njia na faida yote hupotea. Shuka moja nyepesi, isiyokazwa, yatosha.

Hali ya hewa nayo huchangia. Mjini Bungoma, mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, joto la mchana huzidisha jasho, na msimu wa mvua unyevu hukauka polepole. Mjini Kitale, kwenye mita 1,900 hivi, usiku ni wa baridi na hewa ya pampu yaweza kumtetemesha mgonjwa. Afunikwe blanketi, asitandikiwe.

Umeme ukikatika, godoro hunywea, hasa la aina ya pili. Ni heri liwekwe juu ya godoro la sponji.

Hata hivyo, hakuna godoro linalochukua nafasi ya mikono ya mwuguzaji. Kuanzia mwaka wa 1944, Dkt Ludwig Guttmann wa hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza, alisisitiza kuwa wagonjwa waliopooza wageuzwe kila baada ya saa mbili, usiku na mchana. Unapomgeuza mgonjwa, kagua ngozi yake. Doa jekundu, au jeusi zaidi kuliko ngozi iliyolizunguka, lisilotoweka likibonyezwa, ni dalili ya kumwita mhudumu wa afya.