Kila Sheria na Ugomvi Wake

Kwetu Uru uwanja tambarare ni kitu cha kutafuta. Ardhi yote inateremka kutoka msituni kuelekea Moshi mjini, na kipande kisichoinama sana kina migomba na kahawa ya mtu. Basi tulicheza mtelemkoni hivyo hivyo. Mpira wenyewe ulikuwa majani makavu ya mgomba yaliyokazwa kwa kamba za mgomba, na magoli mawe mawili mawili. Wenzetu wa Dar hufunga matambara, wanaita chandimu.

Kwenye mawe ndiko kulikokuwa na kesi. Mfungaji analia "goli!", golikipa anaapa umepita juu. Nilipokuja kusoma historia ya kandanda nilicheka peke yangu. Kumbe hata Waingereza! Sheria za kwanza za chama chao, zilizoandikwa London mwaka 1863, zilisema mpira ukipita kati ya milingoti ni goli, hata ukienda juu kiasi gani. Baadaye ndipo wakafunga utepe, kisha ukaja mwamba tunaoujua, mita 2.44 kutoka chini.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukitaka kuujua mchezo huu usianze kwa kuhesabu wachezaji kumi na mmoja. Uliza kila sheria ilitokana na ugomvi gani. Nawaambia hasa waandishi chipukizi wenzangu, maana katika hadithi zetu mpira ukitokea tu, shujaa anafunga dakika ya tisini, basi, imekwisha. Ugomvi wote tumeuacha nje!

Mwaka huo wa 1863 kuna waliotaka mtu aukumbatie mpira na kukimbia nao, na ruhusa ya kupigana mateke ya miundi. Wakashindwa. Klabu ya Blackheath ikajitoa, na upande huo ndio uliokwenda na raga. Penalti ilikuja 1891, kwani mabeki waliona heri kuzuia kwa mkono kuliko kufungwa. Na aliyeipendekeza ni golikipa, William McCrum wa Ireland. Golikipa mzima, jamani.

Lakini mama wa ugomvi ni kuotea. Mwanzoni ukiwa mbele ya mpira tu, umeotea. Mwaka 1866 wakalegeza: wawepo wapinzani watatu kati yako na mstari wa goli. Mabeki wakawa wajanja, anapanda mmoja tu na washambuliaji wote wamenaswa, mechi zikapooza. Mwaka 1925 watatu wakawa wawili, na mabao yakaongezeka mara moja. Hesabu ya leo ni hiyo ya wawili, na kwa kawaida golikipa ni mmoja wao. Kinachoangaliwa ni ulipokuwa wakati mwenzako anapiga pasi, siyo unapoupokea mpira. Ukiwa nusu yenu huotei. Wengi wanaomtukana mshika kibendera pale hawajui.

Huku kwetu mpira uliingilia Zanzibar, mwishoni mwa karne ya 19, kwa Waingereza wa kampuni ya simu za maandishi na kwa wanafunzi wa shule ya misheni ya Kiungani. Bara nako ukashika, na ugomvi ukaja nao. Yanga ilianzishwa Dar mwaka 1935. Mwaka uliofuata wengine wakajitenga, wakaunda timu ambayo tangu 1971 inaitwa Simba. Yaliyofuata mnayajua.

Sheria zipo 17, nimezisoma zote. Uwanja, mpira, wachezaji, refa, mpaka kona. Ile iliyotusumbua sisi Uru sikuiona. Mpira wa migomba haukuwa na tajiri, ukifumuka tunafunga mwingine. Siku jirani mmoja alipoletewa mpira wa dukani kutoka mjini, mwanawe akawa nahodha papo hapo. Penalti zote apige yeye. Faulo ni yeye akianguka. Na timu yake ikifungwa mawili, anaweka gozi lake kwapani, anakwenda zake nyumbani, na sisi ishirini na moja tumebaki tumesimama mtelemkoni, jua bado lipo.