Skii Juu ya Kibo: Mchezo Uliotuponyoka

Jumapili moja nilikwenda Old Moshi na rafiki yangu kumsalimu babu yake. Televisheni sebuleni ilikuwa inaonyesha vijana wa Ulaya wakivutwa na boti ya mwendo kasi ziwani. Wamesimama juu ya mbao mbili, kamba mkononi, maji yanaruka kushoto na kulia. Rafiki yangu akacheka. "Huo ni mchezo wa watu wenye pesa ya kuchoma mafuta," akasema. "Sisi ya kuweka kwenye pikipiki yenyewe hatuna."

Babu alikuwa kimya na kikombe chake cha chai. Halafu akasema: "Hata kwetu waliteleza hivyo. Tena si kwenye maji. Kule juu." Akaelekeza fimbo dirishani, kwenye mawingu ambayo nyuma yake ndiko Kibo kulikojificha.

Nilidhani ni hadithi za wazee. Lakini kazi yangu ni kuuliza, na mtu akiniambia jambo la ajabu silali mpaka nilitafute. Nikalitafuta. Jamani, babu alikuwa sahihi!

Mwaka 1912 Wajerumani wawili, Walter Furtwängler na Siegfried König, walipanda Kibo mpaka juu wakiwa na skii, yaani zile mbao za kutelezea kwenye theluji. Furtwängler huyu alikuwa ndugu wa Wilhelm Furtwängler, ambaye baadaye alikuwa kiongozi maarufu wa okestra Ujerumani. Jina la Walter limebaki mlimani: lile pande la barafu lililo ndani ya kreta ya Kibo linaitwa Barafu ya Furtwängler mpaka leo. Linganisha na mchezo wa kwenye maji. Huo ulianza miaka kumi baadaye, 1922, pale kijana mmoja wa Minnesota, Marekani, Ralph Samuelson, aliposimama juu ya mbao huku akivutwa na boti. Kwa hiyo Kibo ilishatelezewa kabla watu hawajaanza kuteleza majini!

Sasa swali langu ni hili. Kwa nini 1912? Na kwa nini leo mchezo ule haupo?

Jibu la kwanza ni reli. Kabla ya hapo, mgeni aliyetaka kuja Uchaggani alitembea kwa miguu kutoka pwani, wiki kwa wiki, na msafara wa wapagazi. Hans Meyer alikuja hivyo, na mwaka 1889 yeye na Ludwig Purtscheller wakawa watu wa kwanza kuandikwa kwamba wamefika kileleni. Reli ya Usambara kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911. Mwaka uliofuata tu, skii zikawa juu ya Kibo. Mwaka huo huo wa 1912 Fritz Klute na Eduard Oehler wakapanda Mawenzi kwa mara ya kwanza, na Klute akafanya vipimo vya kuchora ramani ya barafu ya Kibo. Usafiri ukirahisika, starehe inafuata nyuma.

Jibu la pili ni barafu yenyewe. Ramani za wakati ule zinaonyesha barafu ya Kilimanjaro ikiwa na ukubwa wa kama kilomita za mraba 12. Ilikuwa imeanza kupungua tangu mwishoni mwa karne ya 19, lakini bado ilikuwa nyingi.

Jibu la tatu ndilo lisilosemwa sana: mabega ya watu. Skii hazikupanda zenyewe. Chakula, mahema, blanketi na kuni vilibebwa. Orodha za waliofika kileleni zimejaa majina ya Kizungu, lakini bila waliobeba hakuna ambaye angefika. Katika safari ya Meyer ya 1889 tunamjua Mwini Amani, mtu wa Pangani, aliyebaki peke yake kwenye kambi ya juu, katika baridi ambayo mtu wa pwani hajazaliwa nayo, akiwangoja mabwana zake. Tunamjua Mangi Mareale wa Marangu, aliyempokea Meyer. Na Marangu wanamkumbuka Yohani Kinyala Lauwo, ambaye ameheshimiwa kwa kibao kama kiongozi wa safari ile. Watatu hao ni bahati. Wengine walikuwa "wapagazi" tu, idadi bila majina.

Hapo ndipo niliporudi kwenye ile televisheni ya babu. Ukiangalia vizuri, skii ya majini si mchezo wa mtu na mbao zake. Mbao ni rahisi, hata seremala wa Mbuyuni anaweza kujaribu. Ghali ni kile kinachokuvuta: boti, injini, petroli na mtu wa kuendesha. Ndiyo maana katika Afrika Mashariki mchezo huo ulikaa mahali penye klabu na wenye boti, kama Ziwa Naivasha kule Kenya na ufukweni mwa bahari. Sisi wa Moshi maji tunayo. Bwawa la Nyumba ya Mungu lilijengwa miaka ya 1960, ni bwawa kubwa, na lina umeme wake wa megawati 8. Lakini nenda pale uone: ni mitumbwi ya wavuvi wa perege. Ziwa Chala nalo liko ndani ya kreta, kuta zake zimesimama kama ukuta wa nyumba, na mpaka wa Kenya na Tanzania unapita katikati. Kuwa na maji peke yake hakutoshi.

Na petroli haijawahi kuwa rafiki yetu. Bei ya mafuta ilipanda duniani mwaka 1973, ikapanda tena 1979, sisi tukiwa tumetoka kwenye vita na Idi Amin. Wazazi wetu wanakumbuka mapema miaka ya 1980, gari binafsi lilikatazwa kutembea Jumapili mchana ili kuokoa mafuta. Fikiria nchi ambayo huwezi kuendesha gari kwenda kumsalimu shangazi Jumapili jioni. Nani angechoma mafuta kuzunguka ziwani na mtu nyuma ya kamba? Hata matajiri wa dunia waliguna Julai 2008, pipa la mafuta ghafi lilipofika karibu dola 147. Mchezo wowote unaovutwa na injini unaishi na kufa kwa bei ya mafuta.

Mlimani injini ni mtu. Na mtu, kwa miaka mingi, alikuwa rahisi kuliko petroli. Hapo ndipo historia ya starehe ya Kilimanjaro inaponichoma.

Tufuate miaka. Chini ya Wajerumani kulijengwa vibanda vya wapandaji, kimoja kikaitwa Bismarck na kingine Peters. Baada ya Uhuru vikapewa majina ya watemi wetu: Mandara na Horombo. Kilele chenyewe, ambacho Meyer alikiita kwa jina la Kaiser Wilhelm, kikawa Uhuru. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda alisimamisha bendera ya Tanganyika na Mwenge kule juu. Siku ile mlima ulihamia mikononi mwetu, angalau kwa jina.

Mwaka 1973 ikatangazwa Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, na mwaka 1977 ikafunguliwa rasmi. Mwaka huo huo Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka wa Kenya ukafungwa mpaka 1983. Wapandaji wa barafu walikuwa bado wanakuja. Mwaka 1978 Reinhold Messner na Konrad Renzler walipanda ukuta wa Breach, upande wa kusini magharibi wa Kibo, wakikwea nguzo ya barafu iliyoning'inia juu yao. Ilikuwa kama tamati ya zama zile. Leo barafu za upande ule zimekonda na kukatika vipande, na michezo ya barafu ya Kibo imebaki kwenye vitabu.

Vipimo vya wanasayansi vinasema kati ya 1912 na 2007 Kibo ilipoteza kama asilimia 85 ya barafu yake. Barafu ya Furtwängler ilikuwa na mita za mraba 113,000 mwaka 1976. Kufikia mwaka 2000 ilikuwa 60,000 hivi, na imeendelea kupungua. Mwaka 2022 UNESCO ilisema barafu za Kilimanjaro ni kati ya zile zitakazokuwa zimetoweka ifikapo 2050. Pande la barafu lenye jina la mtu wa skii halitoshi tena hata kuchezea skii.

Watu wanagombana kuhusu sababu, na ni vizuri tuwe wakweli. Joto la dunia limo. Hewa kavu na upungufu wa theluji mpya vimo pia, na ukame huo ulianza zamani, kabla ya magari. Na tusidanganyane kwamba barafu ikiisha mifongo yetu itakauka siku ya pili. Maji mengi ya Uchaggani yanatoka kwenye mvua na ule msitu unaozunguka mlima. Kwa mtu wa kihamba, mti unaokatwa msituni ni hatari ya karibu kuliko barafu inayoyeyuka kileleni.

Haya, barafu imepungua, lakini watu wanaopanda je? Wameongezeka sana, maelfu kwa maelfu kila mwaka. Ila tazama bei. Kwa viwango vilivyotumika baada ya Julai 2016, mgeni alilipa ada ya hifadhi dola 70 kwa siku, kambi dola 50 kwa usiku, na dola 20 za uokoaji. Njia ya Machame kwa siku sita: 420, jumlisha 250, jumlisha 20, jumla 690. Weka VAT ya asilimia 18 iliyoingia kwenye utalii mwaka huo, unafika dola 814. Hapo hujamlipa kiongozi, mpishi, mpagazi wala kununua mkate.

Utasema Mtanzania analipa ada kwa shilingi, tena kidogo sana. Kweli. Lakini kumbuka boti na mbao. Ada ni mbao. Ghali ni boti: viatu vya mlima, koti, begi la kulalia, kiongozi, wabebaji, na siku sita bila kwenda kazini. Katika darasa letu la kidato cha nne, shule ikiwa chini ya mlima kiasi kwamba asubuhi tulikuwa tunauona tukipiga mswaki, aliyekuwa amefika Uhuru alikuwa mmoja. Mimi sikuwa huyo. Wazazi wetu walipanda mpaka msituni kutafuta kuni na majani ya ng'ombe. Juu ya hapo walipaita kwa wageni.

Waliofika mbali zaidi ni wale tunaowaita wagumu, vijana wanaobeba mizigo. Na hapa pana kichekesho kichungu. Mgumu anaweza kupanda mara kumi na tano kwa mwaka na asifike Uhuru hata mara moja, kwa sababu mgeni anapoondoka usiku kwenda kileleni, yeye anabaki kambini na mizigo. Mwini Amani yule yule, miaka mia moja na zaidi baadaye!

Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba starehe ya mlima imekuwa ghali mno, namuuliza: ghali kwa sababu ipi? Kama ni kwa sababu mgumu sasa hatakiwi kubeba zaidi ya kilo 20, na kuna watu wanaodai alipwe vizuri na ale vizuri, basi bei hiyo ilichelewa. Mchezo wa 1912 ulikuwa rahisi kwa sababu gharama yake ilibebwa na mabega ambayo hayakuandikwa. Hiyo haikuwa bei, lilikuwa deni. Lakini kama ni ghali kiasi kwamba mtoto wa Kibosho anaujua mlima wake kwa picha za kalenda, basi hapo tumekosea mahali, na tuseme.

Sililii skii. Skii zilikuja na watu wawili na zikaondoka nao. Ninacholilia ni kwamba kitu pekee kilichobaki kwenye kumbukumbu ya starehe ya mlima wetu ni majina ya wageni, na sasa hata barafu iliyobeba jina hilo inaondoka. Ni vizuri kwamba kila Desemba vikundi vya Watanzania hupanda kuadhimisha Uhuru. Ningependa shule za Rombo, Vunjo, Hai na Moshi nazo ziwe na siku yao, hata kama ni kufika Mandara tu na kurudi jioni.

Tulipoaga, babu alitusindikiza mpaka kwenye migomba. Mawingu yalikuwa yamefunguka, Kibo ikaonekana, nyeupe kidogo upande mmoja kama mtu mwenye mvi chache. Nikamuuliza: "Babu, wewe ulishafika?"

Akacheka mpaka akakohoa. "Mimi? Nilibeba mizigo miaka minne. Nilifika mpaka kibanda cha mwisho."