Landlodi naye ana landlodi wake

Kila tarehe tano tunamlaani landlodi. Hata mimi, tangu niache chuo najilipia keja na naumia. Lakini nyanya yangu alikuwa landlodi Majengo, Mombasa, na stori yake ilinifunga mdomo.

Tuanzie 1908. Mkoloni alileta Pwani sheria ya hati za ardhi: uje udai, uthibitishe. Wachache walipata hati. Ardhi ambayo haikudaiwa ikawa ya serikali, hata kama watu walikuwa wanaishi pale. Ndiyo maana Mombasa kuna "nyumba bila ardhi": nyumba yako, kiwanja cha mtu mwingine.

Nyanya alikuwa na vyumba sita vya fito na udongo, mabati juu. Jengo la mawe? Mwenye kiwanja hakutaka kitu cha kudumu. Sasa piga hesabu. Kila mwezi alilipa kodi ya kiwanja, wapangaji wamelipa ama hawajalipa. Mvua ikipita, kuta zinakandikwa upya. Choo kikijaa, ni yeye. Benki nayo itakukopesha vipi na hati huna?

Kisha kiwanja kikauzwa. Alipewa notisi, akatoka na mabati na milango tu. Miaka yote ile ya kukusanya kodi, hicho ndicho alichobaki nacho.

Simtetei landlodi wako anayekukatia maji. Lakini wewe unayeota kujenga za kukodisha, usianze na ramani. Anza na hati, uangalie ina jina la nani.