Lushoto, Mji Uliojengwa kwa Ajili ya Hewa

Katika Injili ya Yohana twasoma habari za birika la Bethzatha huko Yerusalemu, palipolala wagonjwa wengi wakingojea maji yatibuliwe. Mmoja wao aliugua miaka 38, wala hakuwa na mtu wa kumtia majini. Kila alipojikokota, mwenzake alimtangulia. Habari hiyo ilitujia moyoni tulipokuwa tukisoma historia ya Lushoto, mji mdogo ulio katika milima ya Usambara. Mji huo nao ni kama birika: ulijengwa uwe mahali pa afya, lakini si kila mgonjwa aliyekuwa na mtu wa kumfikisha.

Desturi ya kuwa na mji wa afya Wajerumani, ambao wazee wetu waliwaita Wadachi, walikuja nayo kutoka kwao. Nchini Ujerumani iko miji midogo mingi ambayo jina lake hutanguliwa na neno Bad, maana yake mahali pa kuoga. Huko maji ya moto au ya chumvi hububujika kutoka ardhini, na watu wenye baridi yabisi huenda kukaa majuma kadhaa, wakioga, wakinywa maji hayo, na kutembea taratibu. Mji ulio mashuhuri sana ni Baden-Baden, ambao chemchemi zake zilitumiwa na Warumi wa kale. Tena iko miji isiyo na chemchemi za namna hiyo, bali ina hewa safi ya milimani, nayo huhesabiwa kuwa miji ya afya vilevile. Basi Wajerumani walipofika Afrika ya Mashariki na kuona jinsi homa ilivyowaua, walitafuta mahali pa namna hii ya pili.

Msafiri atokaye Tanga hupita Muheza na Korogwe, hata akikaribia Mombo huona milima imesimama mkono wa kuume kama ukuta. Mombo ni bondeni, na joto lake ni kali. Toka hapo njia huanza kupanda kwa kuzunguka-zunguka, hupita maporomoko ya maji ya Soni, na baada ya maili 20 hivi hufika Lushoto, penye kimo cha futi 4,500 juu ya bahari. Vilele vilivyouzunguka mji ni virefu zaidi, na vingine hupita futi 7,000. Mwezi wa Julai ukungu hutanda asubuhi, na watu huota moto. Udongo wake huzaa viazi, kabichi na matunda ya Ulaya, pamoja na migomba na mahindi.

Msomaji wa huku Misungwi aweza kuuliza: Nasi je? Uso wa ziwa letu una kimo cha futi 3,700. Mbona mbu hawatuachi? Jibu ni kwamba kimo peke yake hakitoshi. Nchi yetu ina joto, tena ni tambarare. Mvua ikinyesha, maji hutuama katika majaruba ya mpunga na katika malambo ya ng'ombe. Kule maji hushuka mbio mtelemkoni, na baridi huwachelewesha vijidudu vya homa wasikomae upesi ndani ya mbu.

Wenyeji wa milima hiyo ni Washambaa. Wazee wao husimulia habari za Mbegha, mwindaji wa nguruwe aliyetoka nchi ya Nguu, akawagawia watu nyama, akamwua simba, nao wakamfanya mfalme wao. Makao ya wafalme wa uzao wake yalikuwa Vuga. Aliyevuma kuliko wote ni Kimweri, na mwaka 1848 mmisionari Krapf alifika kwake kumwomba ruhusa ya kuhubiri, akarudi tena mwaka 1852. Kimweri alipokufa, watoto na wajukuu walipigania enzi, bunduki zikaingia kutoka bondeni, na watu wengi wakauzwa utumwani. Hivyo Wajerumani walipofika waliikuta nchi imekwisha gawanyika.

Wajerumani walianza kujenga reli Tanga mwaka 1893. Ilifika Korogwe mwaka 1902 na Mombo mwaka 1905. Mahali pa Lushoto palifanywa makao ya wilaya, wakapaita Wilhelmstal, yaani bonde la Wilhelm, kwa jina la Kaisari wao. Gavana alipochoshwa na joto la Daresalaam, huko ndiko alikopanda kupumzika. Tena walijenga nyumba ya kuwauguza Wazungu mahali paitwapo Wugiri, katika milima hiyohiyo. Mtu aliyetetemeka kwa homa pwani aliletwa kwa gari moshi, akachukuliwa mpaka juu, akala na kulala, akapata nguvu.

Lakini kwa nini hewa ya mlima iliponya? Hapo kale Wazungu walidhani kwamba homa hutoka katika hewa mbaya ya mabwawa. Mwezi wa Agosti mwaka 1897 tabibu Mwingereza Ronald Ross, huko Bara Hindi, aliona kwa darubini vijidudu vya malaria ndani ya tumbo la mbu. Mwaka uliofuata tabibu Mjerumani Robert Koch, ambaye ndiye aliyevumbua vijidudu vya kifua kikuu, alifika Usambara kuichungua homa. Wenyeji walimweleza kwamba wakikaa milimani hawashikwi na homa, bali wakishuka bondeni huumwa na mbu, kisha huugua. Na ugonjwa wenyewe waliuita kwa jina la mdudu, yaani mbu. Tazameni, ndugu! Watu wasio na darubini wala kitabu walikuwa wamekwisha kuona kwa macho yao jambo ambalo wenye elimu walilitafuta miaka mingi.

Ingefaa watu hao walipwe kwa heshima, lakini walilipwa kwa kadi. Mwaka 1907 katika wilaya ya Wilhelmstal ilitolewa amri kwamba kila mwanamume apewe kadi, na katika kila miezi 4 afanye kazi siku 30 kwa Mzungu. Wengine walitelemka hata mashamba ya katani yaliyo bondeni. Basi wageni walipanda mlimani ili waikimbie homa, na wenyeji waliokuwa hawaijui wakatelemshwa kuifuata.

Hata hivyo si Wazungu wote waliotafuta raha yao wenyewe. Wamisionari wa Bethel walifika Mlalo mwaka 1891, na mwaka 1896 wakaanza kituo Lutindi kwa ajili ya watoto waliookolewa utumwani. Baadaye kituo hicho kikawa nyumba ya kuwatunza wenye ugonjwa wa akili, watu ambao huachwa na jamaa zao wenyewe. Hao ndio hasa waliokosa mtu wa kuwafikisha majini.

Mwezi wa Juni mwaka 1916 majeshi ya Waingereza yaliutwaa mji, na jina la Kaisari likaondoka naye. Lushoto ikabaki Lushoto. Leo ni makao ya wilaya katika mkoa wa Tanga, na wageni wangali wakipanda kuifurahia hewa yake. Lakini siku hizi malaria huonekana hata milimani. Basi mlima si kimbilio kamili, wala taifa zima haliwezi kuhamia mlimani.

Kwa sababu hiyo twafurahi kutaja jambo lililofanyika kwetu. Mwaka 2019 wachunguzi wa nchi yetu na wenzao wa ng'ambo waligawa vyandarua vya namna 4 katika vijiji 72 vya wilaya ya Misungwi, ili waone ni vipi viwezavyo kuwashinda mbu waliokwisha kuizoea dawa ya zamani. Baada ya miaka 2 waliwapima watoto. Penye vyandarua vya dawa ya zamani peke yake, katika kila watoto 100 walionekana 46 wenye vijidudu vya malaria. Penye vyandarua vilivyoongezwa dawa iitwayo klorofenapiri, walionekana 26. Habari hizo zilichapwa mwaka 2022, na mwaka 2023 Shirika la Afya la Ulimwengu likashauri vyandarua vya namna hiyo vitumiwe. Hivyo watoto wa Misungwi wamekuwa msaada kwa watoto wa mataifa mengi.

Basi yatupasa tujiulize kama chandarua chetu kiko kitandani, au kimefunika vifaranga, au kimekwenda ziwani kuvua dagaa. Na watoto 26 si wachache. Kila mmoja wao ana mama yake akeshaye usiku. Kazi haijaisha.

Mgonjwa yule wa Bethzatha hakuchukuliwa mpaka majini. Bwana alimjia palepale alipolala, akamponya. Afya ya Lushoto ilimtaka mtu awe na nauli na cheo ndipo aifikie. Afya tunayopaswa kuitafuta sisi ni ile impatayo mtoto wa maskini mkekani pake, nyumbani kwao, kando ya ziwa.