Wapirati wa intaneti wanaweza kuchukua usukani wa ndege?

Kule Kakontwe, kama pengine pote mu Likasi, kupiratiwa WhatsApp si habari mpya tena. Mtu anaamuka asubuhi anakuta akaunti yake inaomba pesa ku ndugu na marafiki, na yeye mwenyewe hajaandika kitu. Kutoka hapo swali linakuja lenyewe: kama simu inachukuliwa namna hiyo, ndege je? Mwenye kusafiri kutoka Kakontwe anapanda gari mpaka Lubumbashi, kilometa karibu 120, halafu ku uwanja wa Luano anaingia ndani ya mashine inayoongozwa na kompyuta kila upande. Ni haki yake kuuliza.

Jibu fupi ni hili. Usukani, hapana: hakuna aliyekwisha kuthibitisha kwamba aliuchukua usukani wa ndege ya abiria ikiwa angani. Lakini masikio ya ndege yanaweza kudanganywa, na jambo hilo limekwisha kufika mu anga la Kongo, juu ya Kivu ya Kaskazini.

Kuhusu usukani, kisa kinachorudi kila mara ni cha Chris Roberts, fundi wa usalama wa kompyuta wa Marekani. Mwaka 2015 polisi ya FBI iliandika mu karatasi za mahakama kwamba yeye mwenyewe aliwaambia aliingia mu mitambo ya ndege kupitia kisanduku cha filamu kilicho chini ya kiti, akafanya injini moja ipandishe nguvu. Wajuzi wengi wa ndege walikataa, na mpaka leo haikuthibitishwa. Miaka miwili mbele, Hugo Teso wa Uhispania alionyesha Amsterdam jinsi ya kuongoza ndege kwa simu, lakini ilikuwa ndege ya ndani ya kompyuta. Wakubwa wa usafiri wa anga wa Marekani, FAA, walijibu kwamba njia yake haifanyi kazi ku vyombo vya ndege ya kweli.

Sababu inaeleweka na mwenye kusikiliza redio. Kituo kinasema, posti inasikia, lakini posti haiwezi kurudisha sauti ku kituo. Vilevile kioo cha filamu mbele ya abiria kinapokea habari, ndege iko wapi, iko juu kiasi gani, lakini kimetengenezwa kisiweze kuamuru kitu. Mu ndege za sasa mitandao hii imekaribiana zaidi. Njo maana mwaka 2008 FAA iliwekea Boeing 787 masharti ya pekee, kampuni ithibitishe kwamba mtandao wa abiria haugusi ule wa kuongoza ndege. Na tena mwaka 2016 kikundi cha wataalamu wa serkali ya Marekani kiliingia kwa njia ya redio mu mitambo ya Boeing 757 iliyosimama chini, Atlantic City. Walitangaza mwaka uliofuata, wakaficha namna walivyofanya. Boeing ilisema usukani haukuguswa. Kufichaficha namna hii hakutulizi mtu.

Chini ya ndege, ku maofisi, huko wapirati wanaingia kweli. Mwezi wa Septemba 2025 programu inayotumiwa kuandikisha abiria ilishambuliwa, na ku uwanja wa Brussels, ambapo Wakongo wengi wanapita, kazi ilirudi ku karatasi na kalamu. Abiria walichelewa. Hakuna ndege iliyoanguka.

Sasa GPS. Ndege inajua mahali ilipo kwa kusikiliza satelite zilizo juu kilometa karibu elfu 20. Sauti inayotoka huko inafika ikiwa dhaifu sana. Mtu akiwa chini na mtambo wa nguvu kidogo tu anaweza kuifunika, kama vile stesheni mbili zikiwa ku frekwensi moja, ile ya karibu inameza ile ya mbali. Hiyo ni kuvuruga, na rubani anaona GPS imekatika. Mbaya zaidi ni kudanganya: mtambo unatuma sauti inayofanana na ya satelite, na ndege inaamini iko pengine.

Mwaka 2024 mambo haya mawili yalionekana Kivu ya Kaskazini. MONUSCO ililalamika, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa mu ripoti yao ya mwisho wa mwaka walitaja jeshi la Rwanda. Kigali imekuwa ikikana kwamba inasaidia M23. Tarehe 20 Desemba 2024, Baraza la Usalama mu azimio 2765 lilitaka mambo hayo yakome mara moja, kwa sababu yanahatarisha ndege za raia na kusumbua misaada. Hapa hakuna kijana na kompyuta yake chumbani. Hii ni vita. Mwenye kutaka kupoteza droni ya adui anavuruga anga nzima, na ndege ya abiria inapita humo humo.

Na anga lenyewe si tambarare. Nyiragongo, mita 3.470, iko kilometa zisizofika 20 kutoka Goma. Chombo kinachomuonya rubani kwamba mlima uko mbele kinategemea GPS. Ikidanganywa, chombo kinaweza kupiga kelele bure mahali hakuna mlima, ao kunyamaza mahali uko.

Rubani haachwi kipofu kabisa. Ndege kubwa ina mitambo inayopima kila mwendo na kila kona tangu ilipoondoka, bila kusikiliza kitu cha nje. Kuna kipimo cha urefu kinachotumia uzito wa hewa, kuna antene za redio za chini, na kuna mtu wa mnara wa kuongoza ndege. Rubani akiona saa ya ndege imeruka, ao ramani inasema yuko mahali ambapo dakika moja mbele hakuwa, anaacha kuamini GPS, anaambia mnara, anapanda juu ya milima yote. Ndege ndogo zinazobeba dawa na chakula hazina vyombo hivyo vyote, na njo hizo zinazoshuka ku viwanja vidogo vya milimani, mara nyingi rubani akitafuta njia kwa macho kati ya mawingu.