Treni za kuchezea zina historia, msizibeze

Jamaa yangu wa rumu anasema treni za kuchezea ni starehe tu ya wazungu wenye hela, hazina historia ya maana. Mimi nabisha. Soma kwanza halafu uamue.

Tuanzie Ujerumani, mji wa Göppingen, 1859. Fundi bati mmoja, Theodor Märklin, alianza kutengeneza vyombo vidogo vya bati vya nyumba za wanasesere. Alifariki 1866, mkewe Caroline akaishika biashara na kuivusha mpaka watoto wao wakaichukua.

Kilichowatoa ni maonyesho ya Leipzig ya 1891. Walileta treni ya kutia ufunguo, na reli zenye upana uliopangwa kwa namba. Ujanja wenyewe uko hapo. Mtoto akipata injini Krismasi hii, mwakani anaongezewa behewa, mwaka unaofuata reli za kona, na vyote vinaingiliana. Mteja hachomoki!

Marekani nako, mwaka 1901, Joshua Lionel Cowen wa New York alitengeneza kigari cha umeme cha kuwekwa dirishani mwa duka ili watu wavutiwe na bidhaa. Watu wakataka kigari chenyewe! Ndiyo Lionel hiyo. Uingereza, Frank Hornby wa Liverpool alianza na vipande vya chuma vyenye matundu (Meccano), halafu 1920 akaingia kwenye treni.

Ila biashara haina mwenyewe. Kampuni ya Hornby ilichukuliwa na Lines Bros 1964, na hao nao wakaanguka 1971. Jina likabaki, lakini miaka ya 1990 kazi ya kiwandani ikahamia China. Märklin ilishindwa kulipa madeni Februari 2009, mwaka uleule wa kutimiza miaka 150. Mwaka 2013 ikanunuliwa na familia yenye kampuni ya midoli iitwayo Simba Dickie. Simba, jamani! Jina halihitaji mkalimani.

Sasa inatuhusu nini? Kwetu Lalago reli haifiki, iko Malampaka, wilaya yetu hiyohiyo ya Maswa. Reli hiyo ya Tabora hadi Mwanza ilikamilika 1928, upana milimita 1,000. TAZARA ni 1,067. SGR ni 1,435. Milimita 67 tu, lakini behewa la TAZARA haliwezi kupita kwenye reli ya kati, kwa hiyo pale Kidatu mzigo unahamishwa. Kitu ambacho watengeneza midoli walikipanga 1891, nchi nzima inakilipia mpaka leo.

Na watoto wa Lalago je? Magari ya waya, matairi ya kandambili, usukani mrefu, mnayajua. Ufundi upo wa kutosha. Ila kila gari lina kipimo chake, tairi la huyu haliingii kwa yule, kwa hiyo kila mtoto anaanza upya na hakuna kinachokua kuwa biashara. Caroline Märklin naye alianzia kwenye bati.

Wana uhandisi mliomo humu, swali ni lenu: nani atawakalisha vijana watano wa waya wakubaliane tairi moja? Jamaa yangu wa rumu amenyamaza, anasoma. Tuonane kesho, nina test saa mbili asubuhi.