Nani Aatamiwe? Dola, Mkoa na Mzalishaji Mdogo Tanzania Bara, 1973–2018

Katika lugha ya sera ya leo, mahali ambapo biashara changa hulelewa kwa kupewa ushauri, mafunzo na nafasi ya kufanyia kazi huitwa kituo atamizi. Istilahi hiyo imetokana na kitenzi kuatamia, yaani kitendo cha kuku kuyalalia mayai yake hadi yaanguliwe. Lakini kuku huyaatamia mayai yaliyomo kiotani tu. Makala hii inajadili namna dola ilivyoamua, katika vipindi tofauti, ni nani aingizwe kiotani na ni nani abaki nje. Hoja ya msingi ni kwamba msaada wa serikali kwa wazalishaji wadogo haukuwa suala la mitaji na mashine pekee. Ulikuwa pia uamuzi kuhusu raia yupi ahesabiwe kuwa mzalishaji halali.

Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo (SIDO) liliundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1973. Mwaka mmoja kabla, mpango wa Madaraka Mikoani ulikuwa umehamishia mikoani sehemu kubwa ya kazi ya kupanga na kusimamia maendeleo. Katika mazingira hayo, mkoa ukawa ngazi muhimu ya kufikishia huduma za shirika hilo. SIDO ilijenga mitaa ya viwanda mikoani, ikapangisha majengo, ikatoa mashine kwa mkopo na kufundisha mafundi. Kuanzia mwaka 1976, kwa msaada wa Uswidi, ulitekelezwa mpango uliooanisha kampuni za nchi hiyo na viwanda vichanga vya Tanzania, vikiwemo vya Arusha na Moshi. Kampuni ya Uswidi ilileta ujuzi na mashine, nacho kiwanda cha Tanzania kikajifunza kutengeneza bidhaa husika.

Mafanikio ya mpango huo yalikuwa na udhaifu wake. Baadhi ya malighafi na vipuri vilitoka ng'ambo. Baada ya Vita vya Kagera vya 1978–1979 na kupanda kwa bei ya mafuta duniani, fedha za kigeni ziliadimika. Fundi aliyekuwa na jengo, mashine na ujuzi aliweza bado kukosa kitu cha kuchakata. Kiota kilikuwepo, lakini chakula chake kilitegemea meli.

Hata hivyo, fundi huyo alikuwa na hadhi ambayo wengine hawakuwa nayo. Tangu Azimio la Arusha la mwaka 1967, vijiji na vyama vya ushirika vilipewa kipaumbele, ilhali mtu aliyejitafutia mali binafsi alitazamwa kwa shaka. Mwaka 1983 shaka hiyo ilipata nguvu ya dola. Ndio mwaka wa msako dhidi ya wahujumu uchumi, na ndio mwaka ilipotungwa Sheria ya Nguvu Kazi. Katika utekelezaji wake jijini Dar es Salaam, watu waliohesabiwa kuwa hawana kazi walikamatwa na kupelekwa vijijini. Miongoni mwao walikuwamo watu walioishi kwa uchuuzi mdogo. Kwa hiyo, dola ileile iliyomkopesha fundi mashine ilimwona mchuuzi kuwa mzururaji.

Mageuzi ya uchumi yaliyoshika kasi kuanzia mwaka 1986 yalibadili mpaka huo. Mwaka 1991 Azimio la Zanzibar lililegeza masharti yaliyowazuia viongozi kumiliki biashara. Mwaka 1994 ulianzishwa Mfuko wa Taifa wa Kuendeleza Wajasiriamali, ukisimamiwa na SIDO. Jina la mfuko huo ni ushahidi wa kihistoria: neno mjasiriamali, lililounganisha ujasiri na mali, sasa lilikuwa sifa. Sera ya mwaka 2003 ilikwenda mbali zaidi kwa kuitambua hata shughuli ya mtu mmoja hadi wanne yenye mtaji usiozidi shilingi milioni 5. Mamalishe na mshona viatu wakaingia katika lugha ya serikali.

Kilele cha utambuzi huo kilikuwa Desemba 2018, serikali ilipoanza kutoa vitambulisho kwa wajasiriamali wadogo wenye mauzo yasiyozidi shilingi milioni 4 kwa mwaka, kwa malipo ya shilingi 20,000. Kitambulisho kilikusudiwa kumwezesha mchuuzi kufanya kazi bila kubughudhiwa. Ikilinganishwa na mwaka 1983, hiyo ni hatua kubwa. Lakini hakikumpa jengo, mashine wala mafunzo, yaani yale ambayo mtaa wa viwanda ulimpa fundi wa miaka ya 1970.

Hivyo basi, historia hii inaonesha kuwa mpaka wa kiota haukuondolewa, bali ulihama. Awali dola iliwaatamia wachache na kuwakataa wengi. Baadaye iliwatambua wengi, huku malezi kamili yakibaki kwa wachache. Kutambuliwa si kuatamiwa. Vituo atamizi vya mikoani vinapaswa kupimwa kwa kigezo hicho: si kwa idadi ya majengo yaliyozinduliwa, bali kwa idadi ya wale waliokuwa nje ambao sasa wanapata malezi hayo.